Ungo wa Maji: Historia ya Kona Inayochambua

Tia majani ya chai kwenye glasi ya maji ya moto, koroga kwa kijiko mara tano sita, kisha toa kijiko na utazame. Mtu angetarajia majani yakimbilie ukutani mwa glasi, kama abiria wa matatu wanavyolalia ubavuni dereva akikata kona. Hayafanyi hivyo. Maji yanapopunguza mwendo, majani yanashuka, yanajongea kuelekea katikati ya kitako, na kutulia hapo kwenye kirundo kidogo.

Kutoka kwenye kirundo hicho hadi maabara za saratani kuna njia moja, ingawa ni ndefu. Leo kuna kijipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mfereji mwembamba uliojikunja kama konokono. Sampuli ya damu huingizwa katikati ya konokono na kusukumwa kwa kasi. Mwisho wa mfereji kuna milango miwili: seli kubwa hutokea mmoja, ndogo hutokea mwingine. Ndani hakuna kitambaa cha kuchujia, hakuna sumaku wala dawa ya kunasa. Kinachochambua ni kona yenyewe.

Jikoni kwetu tofauti hii inajulikana tangu zamani. Chekeche lina matundu, ungo hauna. Anayepeta mchele hutenganisha pumba, chenga na mawe kwa mwendo wa mikono tu, na kila kitu huenda upande wake kwa uzito na umbo lake. Historia inayofuata ni ya namna watu walivyokuja kutambua kuwa maji yakipita kwenye kona nayo hupeta. Utambuzi huo ulichukua zaidi ya miaka 130. Haukucheleweshwa na ukosefu wa akili. Jibu lilikuwa na nusu mbili, na kila nusu iliwekwa kwenye kabati lake, na waliofungua kabati moja hawakuwa na sababu ya kufungua la pili.

1830–1879: Daktari na mhandisi

Katika miaka ya 1830, mjini Paris, daktari Jean Poiseuille alikaa kwenye hadubini akitazama damu ikipita ndani ya mishipa myembamba ya chura. Aliona seli zikikimbia katikati ya mshipa, huku kandokando ya ukuta kukibaki utando mwembamba wa majimaji safi. Seli hazikusambaa sawasawa kila mahali. Kuna kitu kilikuwa kikizitenga na ukuta. Poiseuille aliandika alichokiona, kisha akaingia kwenye kazi iliyompa jina: kupima jinsi maji yanavyopita katika mabomba membamba yaliyonyooka. Baadaye sana ilijulikana kuwa ulaini wa seli una mkono wake katika utando ule. Hata hivyo swali lilikuwa limeshazaliwa: chembe iliyomo majini hufuata maji tu, au ina njia yake?

Miaka 40 hivi baadaye swali la pili liliulizwa na mtu wa kazi nyingine kabisa. James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, alikuwa profesa wa uhandisi Glasgow. Mwaka 1876 aliwasilisha kwa Royal Society ya London andiko kuhusu chanzo cha mito kujipinda katika nchi tambarare.

Jambo alilolieleza Thomson linafahamika na yeyote anayelima kando ya Tana, chini ya Garissa, mto unapoanza kujinyonganyonga kuelekea baharini. Ukingo wa nje wa kona hukatwa wima, na udongo humeguka na migomba yake. Ukingo wa ndani huota mchanga mwaka hata mwaka. Siku moja mafuriko hukata shingo ya kona, mto hunyooka, na nyuma hubaki ziwa lenye umbo la hilali. Kila mtu aliona kuwa mchanga hulala ndani ya kona. Kwa nini ulale ndani, wakati mto mzima unasukumwa nje?

Thomson alijibu hivi. Maji yanapokata kona hujisukumia ukingo wa nje, na uso wa mto huinuka huko kidogo kuliko upande wa ndani. Mwinuko huo huleta mgandamizo wa kurudisha maji ndani. Maji ya juu yana kasi, kwa hiyo yana nguvu ya kuukaidi. Maji ya chini yamecheleweshwa na msuguano wa sakafu. Hayana nguvu hiyo, yanashindwa, na yanateleza kuelekea ukingo wa ndani yakiburura mchanga. Hivyo maji ya juu huenda nje, ya chini huja ndani, na mto mzima husonga mbele ukijisokota kama parafujo. Thomson aliunda mfano mdogo wa mto wenye kona na kuonyesha msokoto huo kwa macho.

Katika andiko lilelile Thomson alitaja pia maji yanayozunguka kona za mabomba. Lakini waliolisoma walikuwa watu wa mito na kingo. Daktari alikuwa ameona chembe ndani ya bomba lililonyooka. Mhandisi alikuwa ameona mkondo ndani ya kona. Hakuna aliyeweka meza moja kwa ajili ya wawili hao.

1885–1900: Vumbi na unga

Viwanda havikungoja nadharia. Mwaka 1885 Mmarekani John M. Finch alipata hataza ya kifaa cha kukusanya vumbi kwa kulizungusha pamoja na hewa. Kizazi chake kimeenea hadi vijijini kwetu. Ingia kwenye mashine yoyote ya kusaga mahindi, Nakuru au Morogoro, uinue macho: juu ya gunia kuna koni ya bati iliyokaa kichwa chini, mdomo mpana juu na mwembamba chini. Feni hupuliza unga uingie kwa ubavu wa koni. Hewa na unga huzunguka pamoja, lakini unga, kwa kuwa ni mzito, hushindwa kukata kona na kugonga bati, kisha huteleza hadi kwenye gunia. Hewa hutafuta katikati na kutokea juu. Unga ukiganda, msagaji huipiga koni kwa kiganja mara mbili, na kazi inaendelea.

Hiyo ni kona inayochambua, lakini inachambua kwa uzito. Punje ya unga ni nzito mara elfu moja hivi kuliko hewa ya ujazo uleule, ndiyo maana hurushwa nje. Seli ya damu ikiwa ndani ya majimaji yake haina faida hiyo. Uzito wake karibu ulingane na wa majimaji yanayoibeba. Koni ya Finch ingeizungusha tu pamoja na majimaji na kuitoa ilivyoingia. Kwa vitu visivyozidiana sana uzito ilihitajika kanuni nyingine, na kanuni hiyo ilikuwa imejificha ndani ya bomba.

1910–1929: Bomba lililopindwa

Mwaka 1883, Manchester, Osborne Reynolds alikuwa ameonyesha kuwa maji ndani ya bomba yana tabia mbili. Yakienda taratibu, uzi wa rangi uliotiwa ndani yake hubaki umenyooka. Yakizidisha kasi, uzi huvurugika na kutapakaa. Kinachoamua ni uwiano kati ya nguvu ya mwendo wa maji na mnato wake, na leo uwiano huo huitwa namba ya Reynolds. Kwenye bomba lililonyooka vurugu huanza namba hiyo ikipita 2,000 na ushei.

Mabomba ya kazi, hata hivyo, hayanyooki. Boila, mitambo ya kupoza na mashine za mvuke zimejaa mabomba yaliyokunjwa. John Eustice wa Southampton alichapisha majaribio yake mwaka 1910 na 1911. Aligundua kuwa hata kupinda kidogo huongeza ukinzani, na maji hupita kwa shida zaidi kuliko bomba lilelile likinyooshwa. Kisha akaingiza nyuzi za rangi ndani ya mirija ya kioo iliyopinda na kuzifuata kwa jicho. Nyuzi hazikuzunguka kona zikiwa sambamba. Zilikatisha upana wa mrija na kurudi kufuata ukuta.

Mwanahisabati William Reginald Dean alichukua picha hiyo na kuiandikia milinganyo. Katika karatasi yake ya mwaka 1927 alionyesha kuwa ndani ya bomba lililopinda mkondo hugawanyika kuwa mizunguko miwili inayotazamana, mmoja nusu ya juu, mwingine nusu ya chini. Katikati ya bomba maji husukumwa nje ya kona. Kandokando ya kuta hurudi ndani. Ni mto wa Thomson uliowekewa kioo juu yake, msokoto mmoja ukawa miwili. Hesabu hiyo ya kwanza ilikuwa na upungufu: ilionyesha umbo la mizunguko lakini haikueleza kwa nini maji hupungua, jambo ambalo Eustice alilipima. Dean hakuridhika. Mwaka 1928 aliendeleza hesabu hatua kadhaa mbele na kupungua huko kwa maji kukajitokeza kwenyewe. Namba inayopima nguvu ya mizunguko hiyo, kutokana na kasi ya maji, upana wa bomba na ukali wa kona, imebaki na jina lake.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1926, Albert Einstein alichapisha andiko fupi lililoanza na kikombe cha chai na kumalizikia kwenye mito. Maelezo yake yalifuata njia ileile ya Thomson: kitako cha kikombe huchelewesha maji ya chini, mgandamizo huyasukuma katikati, na majani huenda nayo. Mwanawe, Hans Albert, alikuja kuwa bingwa wa namna mito inavyobeba mchanga, akafundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hata katika nyumba hiyo, mada ilibaki ya mito.

Mwaka 1929 G. I. Taylor alitia rangi kwenye mrija wa kioo uliokunjwa kama springi na kukuta jambo lisilotarajiwa. Maji yalibaki matulivu hata namba ya Reynolds ilipopita 5,000, kiwango ambacho kwenye bomba lililonyooka yangekuwa yamevurugika zamani. Msokoto wa Dean ulikuwa ukiyashika maji pamoja. Kwa mhandisi wa boila huo ulikuwa udadisi. Kwa historia yetu ni ahadi iliyowekwa akiba: ndani ya kona unaweza kwenda kasi na bado ukapata mkondo wenye mpangilio, na chembe huweza kupangika pale tu mkondo unapopangika.

1943–2024: Mchanga mweusi

Kona ikafika migodini. Ira Humphreys wa Marekani alibuni mfereji uliozunguka nguzo kama ngazi za mnara, na mwaka 1943 ukaanza kutumika Oregon kutenga kromiti kwenye mchanga. Uji wa mchanga na maji humiminwa juu. Ukishuka, maji ya juu hutupwa nje pamoja na punje nyepesi, maji ya chini hurudi ndani na kuburura punje nzito hadi karibu na nguzo. Ni mto wa Thomson uliosimamishwa wima.

Mfereji huo ulifika pwani yetu. Mgodi wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulisafirisha shehena yake ya kwanza mapema mwaka 2014, na ulichimba ilmenaiti, rutaili na zikoni hadi Desemba 2024. Kabla ya sumaku na umeme kuchukua zamu, mchanga wake ulipitishwa kwenye mifereji ya namna hii. Ukisimama karibu na mfereji kama huo unaona kazi ikifanyika bila mtu kuigusa: utepe mweusi wa madini unajikusanya upande wa nguzo, mchanga wa rangi ya kahawia unasukumwa nje, na kati yao kuna mpaka ambao maji yenyewe yameuchora. Madini ya titani ya Kwale yaliingia katika rangi nyeupe za kupaka kuta duniani kote.

Lakini hapa pia uzito ndio uliosaidia. Ilmenaiti ni nzito karibu mara mbili ya mchanga wa kawaida. Kitendawili cha vitu vyenye uzito sawa kilikuwa bado hakijateguliwa.

1961: Pete ya Rehovot

Katika Taasisi ya Weizmann, mjini Rehovot, Gerhard Segré na Alexander Silberberg walitengeneza mchanganyiko wa majimaji na vijitufe vya plastiki, na uzito wa majimaji wakausawazisha na wa vijitufe ili visizame wala kuelea. Wakaupitisha taratibu kwenye mrija ulionyooka na kuhesabu vijitufe vilipita wapi. Mwaka 1961 walitangaza matokeo katika jarida la Nature. Vijitufe vilivyoingia vimetapakaa vilitoka vimejipanga katika pete. Pete hiyo ilikuwa umbali wa sehemu 6 kati ya 10 kutoka katikati hadi ukutani. Vilivyoanzia katikati vilisogea nje, vilivyoanzia ukutani vilisogea ndani, vyote vikakutana palepale.

Hii ilikuwa nusu ya pili ya jibu, ile ambayo Poiseuille aliiona kwa mbali. Sababu yake ni ukubwa wa chembe. Ndani ya mrija maji ya katikati yana kasi na yale yanayogusa ukuta yamesimama. Kitu kidogo sana hakihisi tofauti hiyo. Chembe kubwa, ambayo ubavu mmoja uko kwenye maji ya kasi na mwingine kwenye maji ya polepole, huihisi, na inesia ya maji yanayoizunguka, yaani ile tabia ya kukataa kubadili mwendo, huisukuma nje kuelekea ukutani. Ikikaribia ukuta, maji yaliyobanwa kati yake na ukuta huirudisha. Mahali ambapo kani hizo mbili zinalingana ndipo chembe inapokaa.

Wanahisabati walihangaika na kani hizo kwa miongo kadhaa. P. G. Saffman alitoa hesabu yake mwaka 1965, B. P. Ho na L. G. Leal mwaka 1974, na E. S. Asmolov aliiendeleza hadi kasi kubwa zaidi mwaka 1999. Kazi hiyo ilikuwa safi na ilikaa kwenye rafu yake. Waliojua pete ya Rehovot walifikiria mirija iliyonyooka. Waliojua mizunguko ya Dean walifikiria mabomba matupu, yasiyo na chembe ndani.

1998–2007: Nusu mbili zakutana

Kilichowakutanisha ni mahitaji ya hospitali na mpira wa silikoni. Mwaka 1998 kundi la George Whitesides la Harvard lilieleza njia nyepesi ya kutengeneza mifereji midogo: unachora umbo kwa mwanga, unamimina silikoni juu yake, unaibandua, unaigandisha kwenye kioo. Jambo lililodai kiwanda cha vipuri vya kompyuta sasa liliwezekana kwa mwanafunzi mmoja na tanuri dogo. Maabara nyingi zikaanza kuchora mifereji yenye upana wa unywele.

Katika mifereji hiyo kulikuwa na imani iliyozoeleka: kwa kuwa kila kitu ni kidogo, inesia haipo. Maji hutambaa kama asali, chembe hufuata njia yake, na kama unataka kuzitenganisha lete umeme, sumaku, au chujio. Imani hiyo ilikuwa kweli kwa mikondo ya polepole. Kwa kuwa wengi walisukuma majimaji polepole, hakuna aliyeona haja ya kuihoji.

Mwaka 2007 Dino Di Carlo, Daniel Irimia, Ronald Tompkins na Mehmet Toner, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, walisukuma kwa kasi. Chembe kwenye mifereji iliyonyooka zilijipanga kama zile za Rehovot. Kisha wakaupinda mfereji, kona kubwa ikifuatiwa na kona ndogo, tena na tena, na chembe zilizoingia zimetapakaa zikatoka zimejipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Mwaka huohuo kundi la Jeonggi Seo na Meng Lean, katika kituo cha utafiti cha Palo Alto, lilionyesha namna ya kusafisha maji bila utando kwa mfereji uliojikunja.

Hesabu inaeleza kwa nini kona huchambua chembe zenye uzito sawa. Ndani ya mfereji uliopinda chembe huvutwa na wawili. Kani ya Segré na Silberberg huitaka ikae mahali pake. Mizunguko ya Dean huitaka izunguke. Kani ya kwanza hukua haraka mno kulingana na ukubwa: kwa makadirio ya Asmolov, kipenyo kikiongezeka mara 2, yenyewe huongezeka mara 16. Mvuto wa Dean huongezeka mara 2 tu. Kwa hiyo chembe kubwa hung'ang'ania mahali pake karibu na ukuta wa ndani, na ndogo huchukuliwa na mzunguko. Hapo ukubwa peke yake unatosha. Chembe mbili zenye uzito ule ule hupeperushwa pande mbili, kama punje na pumba kwenye ungo.

2008–2016: Konokono na damu

Mwaka 2008 Ali Asgar Bhagat, Sathyakumar Kuntaegowdanahalli na Ian Papautsky, Chuo Kikuu cha Cincinnati, waliikunja mifereji yao iwe konokono. Kona moja hufanya kazi kidogo, lakini konokono ni kona isiyokwisha, na chembe hupata muda wa kufika inakotakiwa. Walitenganisha chembe za mikromita 7.32 na za mikromita 1.9. Mwaka uliofuata walipanga za mikromita 10, 15 na 20 katika mistari mitatu tofauti. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 8 hivi, kwa hiyo vipimo hivyo vilikuwa tayari vinaelekea kwenye damu.

Damu yenyewe ilikuwa na swali la muda mrefu. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth wa Australia aliona katika damu ya mtu aliyekufa kwa saratani seli zinazofanana na zile za uvimbe wake. Seli hizo husafiri na kuanzisha uvimbe mpya kwingine. Ukizipata ukiwa bado una muda, unajua ugonjwa umeanza safari. Tatizo ni idadi. Katika mililita moja ya damu mna seli nyekundu kama bilioni 5, seli nyeupe milioni kadhaa, na seli za saratani labda chache za kuhesabu kwa vidole. Kumtafuta mtu mmoja katika mji mkubwa ni rahisi zaidi. Lakini nyingi kati yake zina jambo moja la kuzitambulisha: ni kubwa kuliko seli za damu.

Ushirikiano wa MIT na vyuo vya Singapore, ukiongozwa na watu kama Jongyoon Han na Chwee Teck Lim, uliichukua konokono hadi kitandani mwa mgonjwa. Mwaka 2013 walionyesha jinsi ya kutoa seli za saratani kwenye damu kwa mizunguko ya Dean. Mwaka huohuo Guofeng Guan na wenzake walibadili umbo la mfereji: badala ya kuta za kimo kimoja, ukuta wa nje ukawa mrefu kuliko wa ndani. Badiliko hilo dogo lilisogeza kiini cha mizunguko upande wa nje, na seli ndogo zikanaswa huko huku kubwa zikibaki ndani. Mpaka kati yake ukawa mkali. Mwaka 2014 kundi la Majid Warkiani lilitumia mfereji huo kupitisha mililita 7.5 za damu, kiasi cha mrija wa kawaida wa sampuli, chini ya dakika 10, seli nyekundu zikiwa zimepasuliwa kwanza kwa dawa. Seli zilitoka zikiwa hai, tayari kutazamwa na kupimwa.

Kundi hilohilo la Singapore, mwaka 2015, liliigeuzia konokono malaria. Kimelea ni kidogo mno kuliko seli nyeupe. Konokono hutoa seli nyeupe upande mmoja ili DNA ya kimelea isizamishwe na DNA ya mgonjwa wakati wa kupima. Kwetu, ambako malaria hujulikana kwa jina katika kila nyumba, huo si mfano wa pembeni.

Baada ya hapo: kona na mkono

Bado kuna kazi. Damu nzima ni nzito na imesongamana. Ikiingia bila kuongezewa maji, seli hugongana na kupoteza mistari yao. Si kila seli ya saratani ni kubwa, na zile ndogo hupita mlango usio wake. Pampu lazima isukume kwa kasi isiyoyumba, kwani kasi ikibadilika kani zote mbili hubadilika, na kila moja kwa kiwango chake. Haya ni matatizo ya ufundi, na ufundi hupatikana kwa wanaoshika kitu kwa mikono.

Nikiyatazama mambo haya pamoja, kinachonigusa ni kuwa hakuna aliyekosea. Poiseuille aliona sawasawa. Thomson aliona sawasawa. Dean, Taylor, Segré na Silberberg, kila mmoja aliandika kipande cha ukweli na kukiweka mahali pa wenzake. Kilichokosekana kwa miaka hiyo yote ni mtu wa kusimama kati ya kabati la mito na kabati la damu akiwa na haja ya yote mawili. Haja ndiyo iliyofungua: daktari aliyetaka seli moja kati ya mabilioni, akiwa na silikoni ya kumimina na ujasiri wa kusukuma kwa kasi mahali ambapo wote walienda polepole.

Katika miji yetu kuna mafundi wa bati wanaotengeneza koni za mashine za kusaga. Hawachori kwa kompyuta. Wanakata bati, wanalikunja juu ya chuma cha reli, wanachomelea, kisha wanaleta unga na kuangalia. Unga ukitokea juu pamoja na hewa, wanajua mdomo wa juu ni mpana kupita kiasi, wanaupunguza. Unga ukiganda, wanajua koni imelala mno, wanaisimamisha. Hivyo ndivyo Eustice alivyofuata nyuzi zake za rangi, na ndivyo kundi la Guan lilivyoinua ukuta wa nje wa mfereji. Fundi huyo anajua, kwa jicho na kwa nyundo, kwamba ukiipinda njia kwa kiasi chake, vilivyochanganyika hujitenga. Fundi na maabara ya damu sasa wanaweza kukaa meza moja.